Kampala: Asiyejulikana si lazima awe hatari

Hakimu wa Kampala anapoamua kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo akafyeke nyasi za shule ya umma badala ya kwenda gereza la Luzira, panazuka maswali ambayo hukumu yenyewe haiyajibu. Nani atahakikisha kwamba mtu huyo anafika kazini? Asipofika siku ya tatu, nani atajua? Na atakayetumwa kumtafuta atatumia chombo gani, mafuta ya nani, na ataanzia mtaa upi?

Maswali hayo yanagusa jambo ambalo halizungumzwi sana katika mijadala ya usalama nchini Uganda. Mtuhumiwa wa ujambazi au wa ugaidi hutengewa askari, magari na bajeti. Mtu wa hatari ndogo, mfano wa mchuuzi asiye na leseni, kijana aliyepigana baa au mtumishi wa nyumbani aliyeiba simu, huachwa mikononi mwa utaratibu usio na fedha wala watu wa kutosha. Utaratibu huo umedumu kwa sababu unategemea kitu ambacho serikali hailipii sana: ujirani. Na hapo ndipo panapoanzia kasoro yake, kwani katika jiji la wapangaji na wahamiaji, si kila mtu ana jirani wa kumsemea.

Sheria na chimbuko lake

Kampala ina nafasi ya pekee katika historia ya adhabu zisizo za kifungo barani Afrika. Mnamo Septemba 1996, wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana katika jiji hilo na kupitisha Azimio la Kampala kuhusu hali ya magereza barani Afrika. Azimio lilikiri kwamba magereza yamefurika, na likataka wakosaji wa makosa madogo waadhibiwe kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata, mkutano wa Kadoma nchini Zimbabwe ulijikita katika adhabu ya huduma kwa jamii, ambayo Zimbabwe ilikuwa imeanza kuitumia kabla ya majirani zake wengi. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2002.

Sheria ya Uganda inamruhusu hakimu kutoa amri ya huduma kwa jamii pale kosa linapokuwa dogo, yaani lile ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 2. Mkosaji mwenyewe lazima akubali. Kazi hufanywa kwa muda usiozidi miezi 6, na kwa siku haizidi saa 8, katika eneo anakoishi. Husimamiwa na afisa aliyeteuliwa, na mkosaji akikiuka masharti, mahakama inaweza kumwita, kutoa hati ya kukamatwa kwake, kubadilisha amri, au kuifuta na kumpa adhabu nyingine, ikizingatia kazi aliyokwisha kuifanya. Shughuli hii iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ileile inayosimamia polisi na magereza.

Haja ya sheria hiyo haijapungua. Magereza ya Uganda yanahifadhi watu zaidi ya 70,000 katika nafasi ambazo zilikusudiwa watu wapatao 20,000. Karibu nusu ya watu hao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Gereza kuu la Luzira, lililojengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafungwa wapatao 600, hubeba idadi inayozidi hiyo mara kadhaa. Kila mkosaji wa hatari ndogo anayeingia humo hupunguza nafasi, chakula na usingizi wa wengine, na hutoka akiwa amezoeana na watu ambao mtaani asingekutana nao.

Mlolongo wa uangalizi

Kwa mtazamo wa raia, polisi ndiyo inayowachunga watu walio nje ya gereza. Kwa uhalisia, kazi ya polisi katika mlolongo huu iko mwanzoni na mwishoni, na katikati yake mna pengo kubwa.

Mwanzoni kuna dhamana ya polisi. Katiba ya mwaka 1995 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Asipofikishwa, au uchunguzi ukiwa bado unaendelea, kituo kinaweza kumwachilia kwa dhamana na kumpangia siku za kuripoti. Mtu hufika katika kituo cha Katwe, Wandegeya, Jinja Road au Kabalagala, husaini au huonyesha karatasi yake, kisha hupewa tarehe nyingine. Kisheria dhamana hiyo ni ya bure, na polisi yenyewe hulitangaza hilo mara kwa mara, ingawa malalamiko ya wananchi wanaosema wamedaiwa pesa hayajaisha.

Kuripoti kituoni ndiyo njia ya bei nafuu kabisa ya kumchunga mtu, kwa kuwa anayechungwa ndiye anayelipa nauli. Mama wa soko anayeacha meza yake nusu siku ili akaonyeshe uso wake kituoni ameigharamia serikali kazi ya uangalizi. Iwapo mpelelezi hayupo, huambiwa arudi kesho. Miezi ikipita bila kesi kupelekwa mahakamani wala faili kufungwa, kuripoti kwenyewe hugeuka adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitamka.

Mwishoni kuna hati ya kukamatwa. Mtu akitoroka huduma ya jamii, hakimu husaini hati na polisi hutakiwa kuitekeleza. Lakini hati hiyo huingia katika rundo la hati nyingine, na kituo chenye pikipiki chache hakitaanza na mtu aliyekimbia kazi ya kufyeka nyasi wakati kuna mwizi wa kutumia silaha anayesakwa. Uamuzi huo wa kituo una mantiki. Tatizo ni kwamba haujaandikwa popote, na kwa hiyo mtekelezaji wa hati anaweza kuitoa kabatini siku yoyote na kwa sababu yoyote, ikiwemo ugomvi wa mtaani au tamaa ya pesa.

Katikati ya mlolongo ndipo penye uangalizi wenyewe, na hapo askari haonekani. Msimamizi wa kituo cha afya, mwalimu mkuu au mtumishi wa manispaa ndiye anayeandika katika daftari kwamba mkosaji amefika na ameondoka. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi hana njia ya kufuatilia zaidi ya kupiga simu kwa salio lake mwenyewe. Sheria ya Uganda ya majaribio ya tabia njema, ambayo humweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi kwa kati ya mwaka 1 na miaka 3, nayo ipo. Lakini maafisa hao wako chini ya wizara nyingine, ile ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na siku zao humezwa na mashauri ya watoto na familia.

Nguvu ya mwenyekiti wa mtaa

Kinachouziba pengo hilo ni mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji au mtaa, anayejulikana na Waganda wote kwa jina la mwenyekiti wa LC1. Barua yake yenye muhuri hutumika kuthibitisha makazi. Wadhamini wanaosimama kituoni au mahakamani huombwa barua kama hiyo. Mkosaji anapopimwa kama anafaa kupewa huduma ya jamii, mahakama hutazama mazingira ya kosa, tabia yake na historia yake, na mtu anayeweza kueleza tabia hiyo bila gharama ni yule anayeishi naye mtaa mmoja.

Utaratibu huu una mizizi mirefu. Baada ya kuangushwa kwa Idi Amin mwaka 1979, mfumo wa Tanzania wa nyumba kumi uliingia Uganda, na wenyeji wakauita mayumba kumi. Serikali ya Yoweri Museveni iliyotwaa madaraka mwaka 1986 ikaja na mabaraza ya upinzani, ambayo baadaye yaligeuka kuwa halmashauri za mitaa za leo. Katika miaka ya karibuni polisi ilijaribu kulifufua jina la mayumba kumi katika mpango wa ulinzi shirikishi, ingawa vijana walioandikishwa kuzuia uhalifu kabla ya uchaguzi wa mwaka 2016 walilaumiwa na watetezi wa haki za binadamu kwa kuingizwa katika siasa.

Kwa mkosaji wa hatari ndogo mwenye makazi ya kudumu, ujirani hufanya kazi vizuri kuliko askari. Mwenyekiti anajua mke wa mtu, kodi yake, kanisa au msikiti wake, na mahali anaposhinda siku za kazi. Akitoroka, habari husambaa kabla jua halijazama. Hakuna kamera inayoweza kujua hayo yote.

Lakini nguvu hiyo hiyo ina bei. Uchaguzi wa LC1 wa mwaka 2018 ulifanyika baada ya miaka 17 bila uchaguzi, wapiga kura wakijipanga mistari nyuma ya wagombea wao. Muda wa waliochaguliwa ulipokwisha mwaka 2023, serikali iliuongeza badala ya kuitisha uchaguzi mwingine. Posho rasmi ya mwenyekiti imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Mtu anayepokea kiasi hicho ndiye anayeshika muhuri unaoamua kama jirani yake atalala nyumbani au rumande. Si ajabu kwamba muhuri huo huombewa pesa, na kwamba mpangaji aliyekosana na mwenyekiti hujikuta hana barua.

Wanaokosa wa kuwasemea

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu wakazi karibu milioni 1.8 wa Kampala, katika nchi ya watu milioni 45.9. Mchana idadi hiyo huongezeka sana, kwa kuwa wengi hufanya kazi jijini na kulala Wakiso au Mukono. Maelfu hupanga chumba kimoja na kuhama kodi inapopanda. Mtu wa namna hiyo akikamatwa katikati ya jiji huenda hana mwenyekiti anayemfahamu kwa jina, na mwenyekiti wa kijiji alikozaliwa yuko mbali.

Operesheni dhidi ya wachuuzi ni mfano ulio wazi. Mamlaka ya Jiji la Kampala ilipowaondoa wachuuzi barabarani Januari 2022, kosa lililohusika lilikuwa la kufanya biashara pasipo ruhusa. Kwa kipimo chochote, mtu huyo si tishio kwa usalama wa mtu mwingine. Lakini mchuuzi asiye na wadhamini wala anwani huonekana na mahakama kuwa mtu anayeweza kutoweka, na hofu hiyo humpeleka mahali ambapo kosa lake pekee lisingempeleka.

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada. Kampala ni makazi ya wakimbizi zaidi ya 100,000, wakiwemo Wakongo kutoka Kivu na maeneo ya jirani wanaoishi Katwe, Nsambya na Makindye. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa uhuru wa kutembea na kufanya kazi. Kiswahili ni lugha ya pili rasmi tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na kwa miongo mingi imekuwa lugha ya jeshi na polisi. Hivyo mkimbizi wa Bukavu au Uvira anaweza kuelewana na askari anayemkamata. Mambo hubadilika anapovuka kaunta ya kituo: vikao vya mtaa mara nyingi huendeshwa kwa Luganda, na mahakama huendeshwa kwa Kiingereza. Mtu yuleyule aliyejieleza kikamilifu mbele ya koplo hunyamaza mbele ya wale wenye uwezo wa kumdhamini au kumwachilia.

Hapo ndipo mfumo wa bei nafuu unapochanganya mambo mawili yasiyofanana. Hatari ni uwezekano wa mtu kumdhuru mwingine. Kutojulikana ni hali ya kukosa watu wanaoweza kuthibitisha anakoishi. Mwizi mzoefu aliyezaliwa Kawempe anaweza kuwa na wadhamini watano. Mshonaji nguo kutoka Goma, aliyekamatwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anaweza kukosa hata mmoja. Utaratibu usiotenganisha mambo haya humwachilia wa kwanza na kumfunga wa pili, kisha huyaita matokeo hayo tahadhari.

Kamera na rejista

Serikali haijakosa kabisa fedha za uangalizi. Baada ya kuuawa kwa msemaji wa polisi Andrew Felix Kaweesi mnamo Machi 2017, Rais Museveni aliagiza kamera ziwekwe mijini. Mwaka 2019 polisi ilithibitisha kwamba mfumo huo, uliotolewa na kampuni ya Huawei ya China, uligharimu dola milioni 126. Kamera husaidia kufuatilia gari lililotumika katika uhalifu. Haziwezi kumwambia hakimu wa Makindye kama mtu aliyeamriwa kufagia kituo cha afya alifika Jumanne.

Wazo la rejista ya wakosaji nalo limewahi kufika bungeni. Muswada wa makosa ya kujamiiana uliopitishwa na Bunge la Uganda mwezi Mei 2021 ulipendekeza, pamoja na mengine, kuwepo kwa rejista ya waliotiwa hatiani kwa makosa hayo. Rais aliurejesha bungeni mwezi Agosti mwaka huo bila kuusaini, hoja mojawapo ikiwa kwamba mambo mengi yaliyomo tayari yalikuwa katika sheria nyingine. Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2006, iliyompa msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kutunza rejista ya namna hiyo.

Uzoefu wa Uingereza unaonyesha kwamba kuandika majina ni hatua rahisi kuliko zote. Huko, watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana wamelazimika kujisajili polisi tangu mwaka 1997, na ndani ya siku 3 wanapohama hutakiwa kutoa taarifa. Katika Uingereza na Wales peke yake idadi yao imepita 60,000, na polisi imegundua kwamba haiwezi kubisha hodi katika nyumba zote hizo. Imeamua kuwapanga kwa viwango vya hatari: wenye hatari kubwa hutembelewa mara kwa mara, na baadhi ya wenye hatari ndogo kabisa, waliokaa miaka kadhaa bila tukio, hawatembelewi tena isipokuwa pakitokea taarifa mpya. Uamuzi huo una wakosoaji, wanaohofia kwamba mtu aliyepimwa vibaya atasahaulika. Lakini umeandikwa, una vigezo, na afisa anaweza kuulizwa kwa nini aliufikia.

Elimu ya jinai nayo inaunga mkono upangaji wa aina hiyo. Watafiti wa Kanada Don Andrews na James Bonta walieleza tangu mwaka 1990 kwamba uangalizi mkali hufaa kuelekezwa kwa wenye hatari kubwa, na kwamba kumbana sana mtu wa hatari ndogo kunaweza kumharibu, kwa kumtoa kazini, kumtenga na familia na kumchanganya na wahalifu. Kwa nchi yenye bajeti finyu, hii ni habari njema: kuwachunga kidogo watu wa hatari ndogo si uzembe, mradi wamechaguliwa kwa kipimo sahihi.

Kinachowezekana kwa kidogo kilichopo

Mahakama ya Katiba ya Uganda imekwisha kuonyesha njia mojawapo ya kupunguza mzigo. Mnamo Desemba 2022 ilibatilisha vifungu vya kanuni ya adhabu vilivyoruhusu polisi kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kuwa mzururaji au mhuni. Mtu asiyekamatwa bila sababu hahitaji mdhamini, barua wala siku ya kuripoti. Kupunguza makosa yasiyo na mwathirika huwaachia askari muda wa kufuatilia yenye mwathirika.

Njia ya pili ni kuachana na desturi ya kumwita kila mtu kituoni. Tangu mwaka 2019 wakimbizi nchini Uganda wanaweza kusajili laini za simu kwa hati zao za ukimbizi, na raia husajili kwa kitambulisho cha taifa. Kwa mtu wa hatari ndogo, simu moja kwa wiki kutoka kituoni hugharimu chini ya nauli ya boda boda, na haimpotezei siku ya kazi.

Njia ya tatu inahusu wanaokosa barua. Ofisi ya Waziri Mkuu inaandikisha wakimbizi, na jamii zao jijini zina viongozi, makanisa, misikiti na vyama vya kuweka akiba. Hakuna sababu ya msingi inayofanya ushahidi wa mchungaji wa Katwe au wa mwenye duka anayempa mtu kazi uwe dhaifu kuliko muhuri wa mwenyekiti asiyemjua. Hakimu akiwakubali watu hao kuwa wadhamini, na mkalimani wa Kiswahili akiwepo, mtu asiyejulikana mtaani anaweza kujulikana mahakamani.

Mwisho, vituo vinahitaji kanuni iliyoandikwa kuhusu nani wa kufuatiliwa kwanza, na lini faili la mtu anayeripoti kwa miezi mingi lifungwe. Kanuni hiyo haihitaji dola milioni 126. Inahitaji daftari, na mkubwa wa kituo atakayelifungua kila mwisho wa mwezi.

Ubaguzi uliomo katika utaratibu wa sasa hauonekani kirahisi, kwa kuwa hakuna aliyeutunga. Umezaliwa na upungufu: askari wachache, mwenyekiti asiyelipwa ipasavyo, na hakimu mwenye mashauri mengi anayetaka uhakika wa haraka. Upungufu huo hautaisha kesho. Lakini swali ambalo hakimu na mkubwa wa kituo wanaweza kumuuliza kila mtu anayeletwa mbele yao, yaani amemdhuru nani na anaweza kumdhuru nani, ni swali la bure. Likitangulia swali la nani anamfahamu, nafasi chache za Luzira zitabaki kwa wale ambao jiji lina sababu ya kuwaogopa.